BARUA NILIYOIFICHA MWAKA ULE UKUTA ULIPOANGUKA

Siku hizi kaka yako akiwa Ulaya unabonyeza simu tu, mnaonana mpaka meno. Lakini mwaka 1989, kule nilikokuwa nasoma, kaka alikuwa mbali kwa saa chache tu za treni na mdogo wake hawezi kumwona. Katikati kuna ukuta, na juu ya ukuta kuna bunduki. Kaa vizuri, msomaji, nikupe mkasa wangu.

Mimi ni mtoto wa Kikwajuni, Zanzibar. Maghorofa ya kwetu yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Basi nilipopata skolashipu ya kwenda Leipzig, niliona kama nakwenda kwa mjomba.

Hosteli nilipangiwa chumba kimoja na kijana wa Kijerumani. Jina lake nalihifadhi. Tulishibana kweli kweli: yeye akinisahihisha Kijerumani changu, mimi nikimpikia pilau. Kaka yake alikuwa ameshatorokea Berlin Magharibi. Barua zao zilifunguliwa na Stasi, makachero wa serikali, kwa hiyo waliandikiana habari za mvua na jua tu.

Mwaka ulianza kwa nuksi. Januari bosi wa nchi, Erich Honecker, alitamba kuwa Ukuta utakuwapo hata baada ya miaka 50 au 100 kama sababu za kuujenga hazijaondoka. Februari Chris Gueffroy, kijana wa miaka 20, akapigwa risasi akafa alipojaribu kuuvuka. Mei Hungary ikaanza kung'oa uzio wa mpaka wake na Austria. Mshikaji wangu akawa mtu wa kukodolea ramani usiku.

Juni akanijia na bahasha. Wengi wetu wanafunzi wa kigeni tuliweza kuvuka kwenda Berlin Magharibi kwa pasi zetu; wenyeji ndio waliofungiwa.

"Mpelekee kaka yangu mkononi," akaniambia. "Nataka kutoroka kupitia Hungary. Namuuliza kama atanipokea."

Nikaitikia. Kwa rafiki utasema hapana?

Basi bwana, siku ya safari jasho likanitoka kabla ya treni kuondoka. Nikawaza: nikipekuliwa pale mpakani, skolashipu imekwenda, na mama yangu kule Kikwajuni kila mtu anajua mwanawe ni daktari mtarajiwa! Nikaificha barua chini ya sanduku. Nikaenda Berlin, nikanunua kaseti na sabuni za kunukia, nikarudi.

"Umempa?"

"Nimempa."

Neno moja tu. Kumbe limenifunga kitanzi. Jamaa akasubiri jibu Julai nzima. Kila postamasta akipita anachungulia dirishani. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Kaka hanitaki." Nami nikanyamaza kama bubu. Agosti akaaga kuwa anakwenda likizo Hungary. Sikumwona tena. Septemba 11 Hungary ikafungua mpaka, maelfu wakamiminika Austria. Sikujua kama naye yumo, au amelala porini.

Leipzig nako moto ukawaka. Jumatatu ya Oktoba 9 watu kama 70,000 waliandamana kutoka makanisani, wakipiga kelele kuwa wao ndio wananchi. Askari wamejaa tele. Ilisemekana hospitali zimeandaa damu. Nilisimama dirishani magoti yananicheza. Hakuna risasi iliyolia. Siku tisa baadaye Honecker akang'oka.

Halafu Novemba 9. Msemaji wa chama, Günter Schabowski, akatangaza mbele ya waandishi kuwa watu wataruhusiwa kusafiri. Akaulizwa kuanzia lini. Akapekua karatasi zake, akajibu kuwa kwa ufahamu wake ni sasa hivi! Watu wakafurika getini, na usiku kama saa tano na nusu walinzi wa Bornholmer Strasse wakashindwa, wakafungua.

Jumamosi nikafungua sanduku, nikachukua barua, nikapanda treni iliyojaa kama daladala za jioni. Berlin Magharibi watu wanakumbatiana, wenyeji wa Mashariki wako kwenye foleni za benki wakichukua marki 100 za kukaribishwa. Mimi nilitafuta anwani iliyoandikwa kwenye bahasha. Nikagonga. Aliyefungua ni mshikaji wangu.

Nilitaka kulia. Nikamkabidhi barua bado imefungwa. Aliitazama muda mrefu.

"Uliogopa?"

"Niliogopa."

"Mimi pia niliogopa kila siku," akasema. "Lakini mimi sikukudanganya."

Akanipisha nikaingia. Kaka yake akamimina kahawa vikombe vitatu. Tulikunywa, lakini ule utani wetu wa hosteli haukurudi siku ile. Ulichukua miaka.

Oktoba 3, 1990 nchi zile mbili zikawa moja. Wenye vipande vya Ukuta wameviweka kabatini kama kumbukumbu. Mimi sikuchukua hata kokoto.

Kijana mwenzangu wa zamani na wewe wa leo, woga si dhambi. Mwambie rafiki yako, "Ndugu yangu, hili siliwezi." Atanuna, atatafuta mtu mwingine. Mimi ningesema hivyo Juni ile, jamaa asingevuka mpaka akiamini kaka yake amemtupa.