Mzee, Kabla Hujahamia Pwani

Ndugu msomaji, katika mtaa wetu wa Mtendeni hapa Tabora iko nyumba moja ya vyumba saba. Mwenye nyumba alikuwa mfanyakazi wa reli, na sasa amestaafu. Watoto sita aliowalea humo wameoa na kuolewa na kutawanyika. Vyumba vitano vimefungwa. Bati linavuja, ukuta wa nyuma umepasuka, na ua ni mkubwa mno. Mama mwenye nyumba akimaliza kuufagia asubuhi inambidi akae chini kwanza, ndipo apate nguvu za kubandika chai. Mzee ana miaka 66. Mama ana miaka 63, naye ana ugonjwa wa presha, yaani shinikizo la damu.

Siku moja mzee huyo alinijia jioni akasema: "Ndugu yangu, nauza. Nahamia Bagamoyo." Alikuwa amekwisha pokea arubuni ya mnunuzi. Mkewe alikuwa hajaambiwa.

Habari hii si ya mzee huyu peke yake. Wako wazee wengi walioishi bara maisha yao yote ambao wakistaafu huiwaza pwani. Husema: nitapata nyumba ndogo ya vyumba viwili, samaki nitamnunua akiwa bado mbichi, baridi ya Juni haitanisumbua magoti tena, na maisha yatakuwa nafuu kuliko Dar es Salaam. Wazo hilo si baya. Nyumba ndogo inamfaa mzee. Lakini ukurasa huu ni wa afya, kwa hiyo bei za viwanja tutawaachia wengine. Sisi tutazungumza juu ya mwili wa mtu mzima unapohamishwa kutoka bara na kupelekwa kuishi kando ya bahari.

NJIA YENYEWE SI NGENI

Kutoka hapa hadi Bagamoyo ni njia ya mababu. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi waliikanyaga kwa miguu, pembe za ndovu mabegani, kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu. Wengine hawakurudi, walioa na kubaki pwani. Baadaye wengine walikwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga, wakaitwa manamba, wakazeeka huko huko. Watu wa pwani nao walikuja kuishi huku, wakajenga na kuoa. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, safari ya miezi ikawa safari ya siku. Ndiyo maana hapa Mtendeni si ajabu mtu kuwa na mjomba au shangazi Bagamoyo. Mzee wetu huyu mama yake mzazi alitoka huko. "Nakwenda kwa wajomba zangu," alisema.

Nilimjibu kwamba wapagazi walioibeba mizigo ile walikuwa vijana, tena hawakuwa na vidonge vya kumeza kila asubuhi. Alicheka, lakini hakupenda.

Mkewe alipopata habari hakucheka hata kidogo. Alikuja nyumbani kwangu, nikamwamkia, akakataa kiti. "Mwanangu, mwambie rafiki yako. Nyumba hii niliipiga lipu kwa mikono yangu. Sitii saini." Na kweli alikuwa na haki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Wazee wengi hawalijui jambo hili, au wanalijua na kujifanya hawalijui. Mimi nalitaja hapa kwa sababu ya afya vilevile. Mama mwenye presha akigundua kwamba nyumba yake imeuzwa kisirisiri, vidonge vitamsaidia nini?

Arubuni ilirudishwa. Baada ya wiki mbili za maneno, wakakubaliana hivi: nyumba isiuzwe. Vyumba vitano vipangishwe, na wao waende Bagamoyo kupanga vyumba viwili kwa miezi sita, waone. Tena waende mwezi Machi, kabla ya masika. Shauri hilo la Machi lilikuwa langu. Mtu akienda pwani kutembea mwezi wa Julai, upepo ni mzuri na barabara ni kavu, atadhani mwaka mzima uko hivyo. Aione pwani wakati wa joto la jasho na wakati wa mvua, ndipo aamue.

MAMA ALIACHA VIDONGE

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa furaha. Mama hakuwa na ua wa kufagia. Aliwapata wanawake wenzake wa kusuka ukili nao, akalala vizuri, kichwa hakikumuuma. Basi akawaza: pwani imeniponya. Vidonge alivyotoka navyo Kitete vilipokwisha, hakutafuta vingine.

Ndugu msomaji, hapa tusimame kidogo, maana kosa hili linaua watu bara na pwani. Presha haina kelele. Mtu anaweza kuwa na presha ya juu sana naye anaimba jikoni. Kujisikia vizuri si kipimo. Kipimo ni ile mashine ya kufunga mkononi. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya juu. Vidonge haviiondoi, vinaizuia tu, kama mtu anavyouzuia mlango kwa mguu. Ukiondoa mguu, mlango unafunguka. Kwa watu wengi dawa hizi ni za maisha, na wa kuzipunguza au kuzibadili ni daktari peke yake.

Wakati huohuo chumvi ilikuwa ikiongezeka bila yeye kujua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana, na hapo inahesabiwa chumvi yote: ya mboga, ya ugali, ya mkate, ya samaki. Sasa angalia. Samaki mbichi wa pwani ni chakula bora kwa mzee. Lakini samaki mbichi hapatikani kila siku, na bei yake hupanda bahari ikichafuka. Siku hizo watu hula ng'onda na papa mkavu, samaki waliotiwa chumvi nyingi ili wasioze. Mama alimpenda sana papa. Tena maji ya kisima walichokitumia yalikuwa na ladha ya chumvi, kama visima vingi vilivyo karibu na bahari. Mtaani watu wameyazoea, wanayapikia na kuyanywa. Yeye naye akayazoea.

Mwezi wa tatu, alfajiri, jirani aliona mlango haujafunguliwa. Alibisha hodi akamkuta mama amekaa sakafuni, ulimi mzito, kichwa kinampasuka. Mzee alikuwa ametoka kwenda msikitini. Walimpakia kwenye bajaji wakampeleka hospitali. Presha yake ilikuwa 190 kwa 110. Mungu alisaidia, hakupooza. Ulimi ulirudi siku ya pili. Daktari aliwaambia kwamba dalili kama zile, yaani ulimi kuwa mzito, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kukosa nguvu ghafla, hazisubiriwi nyumbani hata kama zitapita zenyewe. Ni kukimbia hospitali saa ileile.

Basi mwenye presha anayehama afanye nini? Kabla ya kuondoka aende kliniki yake aombe barua yenye majina ya dawa zote na vipimo vyake vya karibuni. Abebe dawa za mwezi mzima, si za wiki. Akifika, wiki ya kwanza, hata kabla ya kwenda kuwaamkia wakwe, akajiandikishe kliniki ya huko. Papa na ng'onda kama lazima aliwe, alowekwe, maji yamwagwe, kisha alowekwe tena, na mchuzi wake usitiwe chumvi. Maji ya kunywa na ya kupikia yawe ya bomba au ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi chenye mfuniko, kisha yachemshwe. Maji ya kisima chenye chumvi yafue nguo.

JOTO, MBU, NA MIGUU

Tabora tuko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Usiku wetu una ubaridi. Bagamoyo iko chini kabisa, na kuanzia Desemba hadi Machi mtu hutoka jasho hata akiwa amelala. Kijana akipungukiwa na maji mwilini husikia kiu. Mzee hasikii upesi. Tena baadhi ya vidonge vya presha vinamfanya mtu akojoe sana. Jasho na mkojo vikishirikiana, mzee akiinuka kitandani kwa haraka hupata kizunguzungu akaanguka, na nyonga ikivunjika katika umri huo kupona ni kazi. Kwa hiyo anywe maji kidogo kidogo kutwa nzima bila kungoja kiu, isipokuwa yule aliyeambiwa na daktari apunguze maji kwa sababu ya moyo au figo. Akiamka, akae ukingoni mwa kitanda kwanza, ndipo asimame.

Malaria sitaieleza sana. Sisi wa Tabora tunayo ya kutosha, hatuendi kuitafuta pwani. Lakini matende na mabusha ni ugonjwa ambao pwani umekuwako tangu zamani, nao huletwa na mbu pia, hasa yule anayezaa kwenye vyoo na mashimo ya maji machafu. Huupati kwa kuumwa usiku mmoja. Huja kwa kuumwa mara nyingi kwa miezi na miaka. Sisi tuliokuwa vijana mwaka 1973 tunaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, tulivyokaa chini ya mwembe kusikiliza redio, kisha tukainuka kuchimba vyoo. Mafunzo yale hayajachakaa. Choo kifunikwe, maji yasisimame, chandarua kiwe kimetiwa dawa, na dawa za kinga zikigawiwa mtaani mgeni naye aulize kama anaruhusiwa kumeza.

Mwenye kisukari ana la ziada. Miguu yake inaweza kufa ganzi, akakanyaga gamba la chaza au mchanga unaounguza bila kujua, kidonda kikaoza. Asitembee pekupeku ufukweni, hata kama wenyeji wanatembea. Na kama anajidunga insulini, joto la pwani linaiharibu. Asiye na jokofu amweleze mhudumu wa kliniki. Wako wanaoihifadhi ndani ya chungu cha udongo chenye mchanga uliolowanishwa, kivulini.

HOSPITALI KWA NAULI, SI KWA KILOMITA

Mtu akitafuta nyumba pwani huuliza: bahari iko umbali gani? Mzee aulize: hospitali iko umbali gani, saa nane usiku, mvua ikinyesha, na bajaji ni shilingi ngapi? Viwanja vya bei nafuu ndivyo vilivyo mbali. Wapangaji wetu walipata vyumba vya bei rahisi nje ya mji, na yule jirani aliyebisha hodi ndiye aliyeokoa maisha. Wangekuwa kwenye kiwanja chao kipya chenye ukuta mrefu, sijui nani angebisha.

Kuhusu gharama, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema mtu wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure, na halmashauri zimekuwa zikitoa vitambulisho vya wazee. Mwaka 2023 ilipitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, kwa hiyo taratibu zinabadilika. Mzee anayehama wilaya aulize ofisi ya mtendaji wa kata anakotoka na anakokwenda, na mwenye kadi ya bima aiulize ofisi ya bima. Asingoje kuuliza dirishani akiwa mgonjwa.

Nilidhani baada ya tukio lile watarudi Tabora. Mzee alitaka kurudi, alikuwa amepata woga. Mama ndiye aliyekataa! Alisema ukili haujaisha na magoti yake hayaumi. Walihama vyumba tu, wakasogea hadi mahali ambapo hospitali inafikika kwa miguu. Kodi imepanda kidogo, lakini wapangaji wa Mtendeni wanailipa. Mzee amepigilia mbao mbili ukutani chooni za kushikilia, na amemtengenezea mkewe kiti chenye tundu ili asichuchumae. Mashine ya kupimia presha wamenunua kwa kuchangiwa na watoto. Kila Jumapili mzee anapima na kuandika kwenye daftari.

Nyumba ya vyumba saba haijauzwa. Bati limezibwa. Wiki iliyopita mama alinipigia simu akaniomba nimpelekee vitu viwili kwa mtu anayesafiri na treni: asali ya Tabora lita moja, na kadi yake ya zamani ya kliniki ya Kitete, ambayo ilibaki katika droo ya kabati, chini ya vitambaa.