Goma: Nakala ya hesabu za duka isilale dukani

Mwenye duka akipoteza mifuko kumi ya sukari, anajua hasara yake ni kiasi gani. Akipoteza daftari la madeni, hajui hata nani alipaswa kumlipa. Mjini Goma, Kivu ya Kaskazini, hatari hiyo si ya kubuni. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kuteketeza maduka mengi. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena, na siku tano baadaye wakaaji wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuondoka haraka. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipouteka mji, maduka na maghala yaliporwa, umeme na intaneti vikakatika, benki zikafunga milango.

Hata hivyo, kwa biashara nyingi ndogo hesabu zote bado ziko mahali pamoja: daftari chini ya meza, au kompyuta moja ya zamani. Wengine hujibu kwamba wana nakala kwenye flashi. Flashi yenyewe iko wapi? Kwenye droo ya meza ileile. Mwizi anayebeba kompyuta hashindwi kufungua droo, na moto hauchagui.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza kanuni inayofuatwa leo na mafundi wa kompyuta: kuwa na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mbali na mahali pa kazi. Kwa duka la Birere au wakala wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, hiyo ya mbali ndiyo yenye thamani kuliko zote. Wala haihitaji pesa nyingi.

Anza na daftari. Kila jioni, kabla ya kufunga, piga picha kurasa za siku hiyo kwa simu. Picha ya ukurasa iliyopunguzwa ukubwa kidogo haizidi kilobaiti 200 hivi, na bado inasomeka. Akaunti ya Google inatoa gigabaiti 15 bila malipo. Kwa ukubwa huo, zinaingia kurasa kama 75,000. Faili la Excel lenye mistari elfu kadhaa kwa kawaida halifiki hata megabaiti moja. Kinachomaliza mega ni video na picha za familia zinazopanda zenyewe, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya simu uziruhusu kupanda kwa Wi-Fi tu.

WhatsApp pia inasaidia, kwa kuwa mtu anaweza kujitumia ujumbe mwenyewe. Afadhali kutuma kama dokima, maana picha ya kawaida hubanwa na tarakimu ndogo huweza kufifia. Lakini simu ikiibwa na hifadhi ya WhatsApp ilikuwa haijawashwa, mazungumzo yote yamekwenda. Ndiyo sababu inafaa kumtumia pia ndugu unayemwamini aliye Lubumbashi, Kinshasa au Kampala. Mwenye duka la dawa awe mwangalifu zaidi: majina ya wagonjwa si ya kutumwa ovyo, na sheria ya Kongo kuhusu mambo ya kidijitali, ya Machi 2023, inalinda habari za watu.

Studio ya picha au nyumba ya uchapishaji ina mafaili mazito, na mega hazitatosha. Hapo diski mbili za nje ndizo nafuu: moja dukani, nyingine nyumbani, zibadilishane kila Jumamosi. Isiachwe imechomekwa baada ya kunakili, kwa sababu virusi vikiingia kwenye kompyuta vitaifikia nayo, na umeme ukirudi kwa nguvu unaweza kuiunguza. Tena diski haihitaji intaneti, jambo ambalo Goma ya Januari 2025 ilionyesha wazi.

Kuna mtego mmoja. Faili lililounganishwa na Google Drive likifutwa kwenye kompyuta, linafutika na huko pia. Linakaa siku 30 tu kwenye pipa la taka. Mwisho wa kila mwezi, tengeneza nakala nyingine yenye tarehe kwenye jina lake na usiiguse tena. Kwa biashara zinazotunza hesabu rasmi, sheria ya OHADA, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012, inataka vitabu vya hesabu na vithibitisho vyake vitunzwe miaka 10.

Akaunti iwe ya mwenye biashara, si ya mfanyakazi aliyeifungua kwa namba yake kisha akaondoka. Nenosiri na misimbo ya dharura ya Google viandikwe kwenye karatasi na kuwekwa nyumbani, pamoja na hati za kiwanja, kwa sababu laini ya simu ikipotea, msimbo unaotumwa kwa ujumbe hautakufikia.

Na mara moja kwa mwezi azima simu ya mtu wa nyumbani, ingia kwenye akaunti yako, fungua ukurasa wa wiki iliyopita na utafute deni la mteja mmoja. Ukimaliza, toka kwenye akaunti kabla ya kurudisha simu.