Helmeti Inayosoma Joto

Askari wa zimamoto akiingia kwenye jengo linaloungua, adui wake wa kwanza mara nyingi si ndimi za moto. Ni giza la moshi. Mnamo Desemba 3, 1999, mjini Worcester, Massachusetts, Marekani, askari wawili walipotea ndani ya ghala kuukuu la baridi lililokuwa karibu halina madirisha. Wanne wakaingia kuwatafuta. Wote 6 walikufa, na watu waliodhaniwa wamo ndani walikuwa wameshaondoka.

Moshi hutupofusha kwa sababu mawimbi ya nuru tunayoiona ni mafupi, chini ya mikromita 1, na chembe za moshi huyatawanya kwa urahisi. Lakini ukuta, mlango na mwili wa binadamu vyote hutoa mawimbi ya joto, yaani infraredi. Kamera ya zimamoto husoma yale yenye urefu wa mikromita 8 hadi 14, ambayo hupenya moshi mwingi. Lenzi yake hutengenezwa kwa germaniamu, maana kioo cha kawaida huyazuia. Hapo ndipo mtego ulipo: askari akiielekeza kamera dirishani haoni kilicho nje, bali huenda akaona joto la mwili wake mwenyewe likiakisiwa, akadhani amepata majeruhi.

Kwa nini basi kamera ivaliwe kichwani? Kwa sababu askari hana mkono wa ziada. Mmoja umeshika mpira wa maji, mwingine unapapasa ukuta. Miaka ya 1990 kampuni ya Cairns ya Marekani ilitoa helmeti yenye kamera, IRIS, ila ilikuwa nzito na ghali. Mwaka 2016 Scott Safety ikaweka kiskrini ndani ya barakoa ya kupumulia. Ninayoipenda zaidi ni C-THRU ya Qwake, kampuni ya San Francisco: kompyuta yake huchora kingo tu, yaani mistari ya kijani kuzunguka milango, ngazi na watu. Mtu anayetambaa huku moyo ukimwenda mbio hahitaji picha nzuri. Anahitaji kujua mlango uko wapi.

Kusikika nako kuna shida zake. Barakoa huifunika sauti, na mvumo wa hewa ya mtungi hujaa redioni. Ndiyo maana helmeti nyingine zina maikrofoni inayogusa fuvu na kuchukua mtetemo wa mfupa badala ya sauti ya hewani. Kuna pia king'ora kinacholia chenyewe askari asipojongea kwa takriban sekunde 30.

Mifumo mipya humrushia kamanda aliye nje picha anayoiona askari wake, hivyo anaweza kumwambia ageuke kabla hajaingia chumba kibaya. Zege nene na vyuma vya ghorofa ya chini ya ardhi, hata hivyo, hudhoofisha mawimbi ya redio, na picha hukatika pale hasa inapohitajika.