Kibali cha Kazi Kikiisha Kabla Jibu Halijafika

(Muziki wa utambulisho)

MTANGAZAJI 1: Leo tunawazungumzia ndugu zetu waliokwenda Kanada kwa kibali cha kazi cha muda. Wengi wameomba ukaazi wa kudumu na bado wanasubiri jibu, huku tarehe ya mwisho ya kibali ikikaribia.

MTANGAZAJI 2: Na jambo hilo linafika hadi kambini, kaka. Mara nyingi ndugu huyo ndiye anayetuma pesa ya dawa na ya sare za shule. Akisimama kazi, nyumbani huku wanajua siku hiyo hiyo.

MTANGAZAJI 1: Kwanza tuondoe wasiwasi kwa baadhi yenu. Mkimbizi anayepelekwa Kanada kwa mpango wa kuhamishiwa nchi ya tatu huingia akiwa tayari mkaazi wa kudumu. Hana kibali cha kazi kinachoisha. Tunayemzungumzia leo ni yule aliyekwenda kwa ajira ya muda.

MTANGAZAJI 2: Kwa nini wanasubiri muda mrefu?

MTANGAZAJI 1: Waombaji ni wengi, nafasi ni chache. Mwezi Oktoba 2024 serikali ya Kanada ilitangaza kupunguza nafasi za ukaazi wa kudumu. Kwa mwaka 2025 zilikuwa zimepangwa nafasi 500,000, zikashushwa hadi 395,000. Mpango ambao majimbo huteua wafanyakazi wanaowahitaji, na ambao wafanyakazi wengi wa muda huutegemea, ulipunguzwa kutoka nafasi 110,000 mwaka 2024 hadi 55,000 mwaka 2025. Idadi hizi hupangwa upya kila mwaka, zinaweza kupanda au kushuka.

MTANGAZAJI 2: Sasa mtu ameshapeleka ombi la ukaazi na amepata risiti. Je, hiyo haimtoshi kuendelea na kazi?

MTANGAZAJI 1: Hapo ndipo wengi wanapoumia, dada. Ombi la ukaazi wa kudumu ni jambo moja, na ruhusa ya kufanya kazi ni jambo jingine. Risiti inaonyesha tu kwamba karatasi zako zimepokelewa. Kibali kikiisha na hukuomba kingine, unatakiwa uache kazi, hata kama ombi la ukaazi bado liko mezani.

MTANGAZAJI 2: Tutoe mfano, ili msikilizaji ashike vizuri.

MTANGAZAJI 1: Tuseme kibali cha kijana kinaisha tarehe 30 Juni. Akiomba kuongezewa muda tarehe 10 Juni, sheria inamruhusu kuendelea na kazi kwa masharti yale yale mpaka apewe jibu, hata kama jibu litakuja Novemba. Kama kibali chake kinataja mwajiri mmoja, anabaki kwa mwajiri huyo huyo. Na akikataliwa, ruhusa hiyo inaishia pale.

MTANGAZAJI 2: Na akichelewa, akaomba tarehe 5 Julai?

MTANGAZAJI 1: Amekosa ruhusa hiyo. Ana siku 90 tangu hadhi yake ilipokwisha kuomba arudishiwe hadhi, na katika kusubiri huko haruhusiwi kufanya kazi. Siku tano tu za kuchelewa zinaweza kumgharimu mshahara wa miezi.

MTANGAZAJI 2: Lakini kuomba mapema hakutoshi kama huna msingi wa ombi.

MTANGAZAJI 1: Kweli. Kwa kazi nyingi za aina hii, mwajiri lazima kwanza apate idhini ya serikali inayothibitisha kwamba anamhitaji mfanyakazi kutoka nje. Idhini hiyo huchukua muda, kwa hiyo mfanyakazi azungumze na mwajiri miezi kadhaa kabla. Njia nyingine ni kibali cha mpito. Hicho hupewa baadhi ya watu walioomba ukaazi kupitia mipango ya kazi, ili waendelee kufanya kazi huku wakisubiri. Si kila mwombaji anastahili, na hakiji chenyewe, lazima kiombwe.

MTANGAZAJI 2: Wapo pia wanaonyanyaswa na mwajiri, wakinyamaza kwa kuogopa kupoteza kibali.

MTANGAZAJI 1: Hao wajue kwamba tangu mwaka 2019 Kanada ina kibali maalumu kwa mfanyakazi anayenyanyaswa, au aliye katika hatari ya kunyanyaswa, ambaye kibali chake kimemfunga kwa mwajiri mmoja. Akikipata, anaweza kuondoka na kutafuta kazi kwingine.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI 2: Sasa tuwageukie mlioko kambini. Familia ifanye nini?

MTANGAZAJI 1: Mambo matatu. La kwanza, ndugu akisema amesimama kazi kwa sababu ya karatasi, msimsukume afanye kazi ya kujificha ili atume pesa. Kufanya kazi bila ruhusa kunaweza kuharibu ombi lake lote. Mkimsukuma leo, mnaweza kumrudisha nyuma kwa miaka.

MTANGAZAJI 2: La pili?

MTANGAZAJI 1: Msimwite nyumbani ghafla, hata kwa msiba, bila yeye kuuliza kwanza. Anayefanya kazi kwa ruhusa ya kusubiri jibu akitoka Kanada, anaweza kuruhusiwa kurudi kama mgeni tu, asiruhusiwe kufanya kazi mpaka kibali kipya kitoke. Wengine wanaweza kukosa kabisa ruhusa ya kuingia. Tunajua ni vigumu, mama akiwa mgonjwa. Lakini aamue akijua gharama yake.

MTANGAZAJI 2: Na la tatu ni madalali.

MTANGAZAJI 1: Naam. Mtu akikupigia simu akisema, "Ndugu yako amekwama, tuma dola nimtolee kibali," usitume. Mpigie ndugu yako mwenyewe. Ushauri wa kulipia kuhusu uhamiaji wa Kanada hutolewa na wanasheria na washauri waliosajiliwa tu, na majina yao yanaweza kukaguliwa. Katika mpango huu wa ajira, mwajiri haruhusiwi kumtoza mfanyakazi ada ya kumwajiri. Na hapa kambini, huduma za UNHCR ni za bure.

MTANGAZAJI 2: Basi ukiongea na ndugu yako wiki hii, muulize swali moja: "Kibali chako kinaisha lini, na umeshaomba kingine?"

MTANGAZAJI 1: Akijibu kwamba anasubiri ukaazi, muulize tena. Hujajibiwa bado.

(Muziki wa kufungia)