Mabadiliko ya Mishipa ya Damu ya Mapafu kwa Watoto Wenye Tundu la Moyo: Nafuu Isiyo Nafuu

Mtoto aliyezaliwa na tundu kubwa baina ya ventrikali mbili za moyo kwa kawaida haugui siku ya kuzaliwa, bali wiki kadhaa baadaye. Ukinzani wa mishipa ya mapafu, ambao huwa mkubwa tumboni mwa mama, hushuka taratibu baada ya kuzaliwa. Unaposhuka, damu ya upande wa kushoto hupenya tunduni na kufurika mapafuni. Mtoto huhema, hutokwa jasho anaponyonya, na uzito wake haupandi.

Mishipa midogo ya mapafu haikuumbwa kuhimili shinikizo hilo. Misuli ya kuta zake hunenepa, kisha utando wa ndani huota na kuibana njia. Mwaka 1958 Donald Heath na Jesse Edwards waliyapanga mabadiliko hayo katika daraja sita. Kwa jumla, yale ya awali huweza kurudi nyuma tundu likizibwa mapema. Ya mwisho hayarudi.

Hapo ndipo penye mtego. Kadiri mishipa inavyozibana, ndivyo damu inayofurika inavyopungua. Mtoto hupumua kwa utulivu, hunyonya vizuri, huongezeka uzito. Hata mvumo wa moyo hufifia. Mama wa Mazimbu anayempeleka mwanawe kliniki ataambiwa, na kadi itathibitisha, kwamba mtoto anaendelea vema. Miaka baadaye damu hugeuza mkondo kuelekea kushoto, na midomo na kucha huwa buluu. Hali hiyo huitwa kwa jina la Victor Eisenmenger, aliyeieleza mwaka 1897. Kuziba tundu wakati huo ni kuunyima moyo wa kulia njia yake ya kupunguza mzigo, na huweza kuua.

Ndiyo maana tundu kubwa huzibwa, inapowezekana, ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa watoto wenye sindromu ya Down mishipa huharibika mapema zaidi. Upasuaji hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, takribani kilomita 190 kutoka Morogoro, na tangu 2024 treni ya umeme hufika huko chini ya saa mbili. Umbali (nauli ni suala jingine) si kikwazo kama zamani. Kigumu ni kumshuku mtoto anayenawiri. Ni kweli kwamba matundu mengine, hasa madogo, hujiziba yenyewe, na mvumo hutoweka kwa heri. Lakini mvumo ukififia huku sauti ya pili ya moyo ikiwa kali kuliko kawaida, mtoto huyo anahitaji rufaa ya kipimo cha eko, hata kama uzito wake unapanda.