Haki Kazini (2): Ubaguzi Uliojificha Ndani ya Masharti

Wiki iliyopita tulieleza ubaguzi wa wazi, pale mwajiri anapomkataa mtu kwa kabila lake au dini yake. Siku hizi ni wachache wanaothubutu kuuandika huo kwenye tangazo la kazi. Leo tutazame ule unaopitia kwenye masharti yanayoonekana kuwa sawa kwa wote.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja kwa misingi kama rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, Virusi vya UKIMWI na umri. Kinamlinda hata anayeomba kazi.

Tuchukue mfano wa kiwanda kinachosema hapandishwi cheo aliyekosekana kazini zaidi ya siku 30 kwa mwaka. Mwanamke hakutajwa popote. Lakini likizo ya uzazi ni siku 84, na 100 kwa aliyejifungua mapacha. Kila aliyejifungua mwaka huo amekwishaenguliwa kabla jina lake halijajadiliwa. Huenda mwajiri hakukusudia. Mama huyo ameumia vilevile. Kwangu mimi dhuluma hii ni nzito kuliko ile ya wazi, kwa sababu anayeonewa huondoka akiamini kuwa hakustahili.

Si kila tofauti ni ubaguzi. Sheria inaruhusu sifa inayotokana na kazi yenyewe: dereva lazima aone vizuri. Lakini mhasibu anayetumia kiti cha magurudumu akinyimwa kazi kwa ulemavu wake, mwajiri atueleze miguu inahusiana vipi na kufunga hesabu.

Wengi hunyamaza wakijiuliza watathibitisha vipi. Wajue kwamba mfanyakazi akishaonyesha dalili za kutosha, mzigo wa kuthibitisha humhamia mwajiri. Kwa hiyo tunza tangazo la kazi, barua, hata ujumbe wa simu. Shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA): ndani ya siku 30 kwa aliyeachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Aliyechelewa aombe kuongezewa muda, akieleza sababu za msingi za kuchelewa kwake.

Wiki ijayo: unyanyasaji kazini, ambao kifungu hichohicho kinauhesabu kuwa ubaguzi.