Taka nazo zahitaji blanketi kila jioni

Je, msomaji, jana usiku mlipokwisha kula, maganda ya ndizi na mabaki ya ugali mliyatupa wapi? Labda uliyatia mfukoni, ukauweka mfuko langoni na kuusahau. Lakini taka hazipotei. Huko ziendako hulala wazi, na kilicholala wazi hualika wageni: nzi, panya, kunguru na mbwa.

Twende kwanza Makwasinyi. Ukitoka Voi kwa barabara ya Mombasa, waiacha lami pale Maungu na kuelekea mlima Kasigau, katika ukanda ulio baina ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Katika vijiji kama hiki mama hangojei lori la taka. Huwa na shimo nyuma ya jiko, na asubuhi akitoa majivu mekoni huyamwaga juu ya taka. Harufu hupungua na nzi hukosa pa kutagia. Mama huyo anafanya lile lile ambalo wahandisi wa majaa hulisisitiza: usiziache taka zilale bila kufunikwa.

Tena ukanda huo ni njia ya ndovu. Nchini Sri Lanka, ilitangazwa mwaka 2022 kwamba ndovu wapatao 20 walikuwa wamekufa katika miaka minane baada ya kula plastiki kwenye jaa moja la wilaya ya Ampara. Taka zilizo wazi hazimdhuru binadamu peke yake.

Udongo nao hula nafasi

Marekani, kanuni za mwaka 1991 zadai taka zifunikwe kwa sentimita 15 za udongo kila mwisho wa siku ya kazi. Udongo huo huzuia harufu, moto, wadudu na makaratasi yanayopeperuka. Lakini hebu piga hesabu. Ukishindilia taka mita 1, ukaweka udongo sentimita 15, ukarudia mara saba, udongo peke yake umekula zaidi ya mita 1 ya jaa lako! Na udongo huo lazima uchimbwe mahali, upakiwe na usafirishwe.

Ndiyo maana kanuni hizo huruhusu kifuniko kingine kikiidhinishwa. Wako wanaotandaza turubai kubwa jioni na kulikunja asubuhi. Halili nafasi hata kidogo. Wako wanaonyunyiza povu maalumu linalodumu usiku kucha. Wengine hutumia mboji, matawi yaliyosagwa, vifusi vya ujenzi au magurudumu yaliyokatwakatwa. Kila kimoja kina ila yake: turubai hupasuka na kupeperushwa na upepo, mvua huliharibu povu, na magurudumu yakishika moto kuyazima ni kazi.

Na Taita Taveta je? Mwatate kuna shamba kubwa la mkonge. Jani la mkonge hutoa uzi asilimia 4 hivi tu ya uzito wake; linalosalia ni majimaji na makapi. Makapi mabichi huoza na kunuka, hayafai. Lakini yakigeuzwa mboji kwanza, ni jambo la kujaribiwa na wataalamu.

Gharama ya kupuuza

Jaa la Dandora, Nairobi, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori hayakukoma kumwaga. Koshe, Addis Ababa, mlima wa taka uliporomoka Machi 11, 2017, ukaua zaidi ya watu 100. Agosti 10, 2024 ikawa zamu ya Kiteezi, Kampala, baada ya mvua kubwa: zaidi ya watu 30 wakafa, nyumba zikafukiwa.

Sisemi kwamba turubai lingeuzuia mlima huo. Jaa huhitaji pia miteremko isiyo mikali, mifereji ya maji na makazi yaliyo mbali. Lakini jaa linalofunikwa kila jioni ni jaa lenye mwenyewe, na mwenyewe huuona ufa mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nawe wa mjini una sehemu yako. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi wa taka yataka zinazooza zitengwe na zisizooza. Maganda yafanye mboji. Ukiwa na shimo, lifunike kwa majivu yaliyopoa kabisa, kwani kaa moja lililo hai laweza kuwasha shimo zima. Majivu yakikosekana, tupia udongo au majani makavu. Betri na plastiki zisiingie humo.

Basi leo jioni, kabla hujazima taa, wafunike watoto wako, kisha uchungulie nyuma ya jikoni. Je, taka zako nazo zimefunikwa?